Midomo Mitatu Ndani ya Siku Tisini

1

Kwenye orodha yangu Mzee Simpasa alikuwa na miaka mia moja na saba. Nilipofika kwake nilimkuta juu ya paa, amekaa kiupandeupande, anafunga nyasi kwa kamba ya katani huku akipiga mluzi.

"Namtafuta Mzee Simpasa," nilimwambia.

"Ndiye mimi. Ngoja nishuke."

Alishuka kwa kuruka. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne hivi, mabega mapana ya mtu wa kuvuta nyavu, meno yote yapo. Nilitazama kishikwambi changu, nikamtazama yeye, nikarudi kwenye kishikwambi. Nimefanya kazi ya mipango ya maendeleo kwa miaka ishirini na sita. Takwimu zinazodanganya nimezizoea, lakini takwimu inayoruka kutoka paani sikuwahi kuiona.

"Umezaliwa mwaka gani, Mzee?" nilimuuliza, na hilo neno Mzee lilinitoka kwa shida.

"Nani? Mimi au Simpasa?"

"Si umesema ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Ila aliyezaliwa na mama yangu anaitwa Fokas." Alicheka kwa jinsi nilivyokunja uso. "Kaa kwanza, Bi Afisa. Umetembea na jua lote hili, naona hata maji hujapewa."

Kabla sijakaa alitoka bibi mmoja mfupi, mkongojo mkononi, akamgeukia kijana yule. "Simpasa, mgeni unamhoji akiwa amesimama juani? Tangu uliponioa hujui kukaribisha watu."

"Nisamehe, mke wangu," kijana alijibu kwa unyenyekevu, kisha akaninong'oneza. "Huyu ni bibi yangu, Gaudensia. Mjane wa babu. Tangu niketishwe kwenye jina la babu ananifokea kama alivyokuwa akimfokea yeye. Edita, mke wangu mwenyewe, hanifokei hata nusu yake."

Ndivyo nilivyojifunza, mwaka wangu wa nne nikiishi kando ya Ziwa Tanganyika, jambo ambalo watoto wa Lyapinda wanalijua kabla hawajaota meno ya pili. Mtu akifa hawasemi amekufa. Wanasema amelala. Siku ya arobaini ukoo unatandika mkeka, unamketisha mtu juu yake, na kuanzia hapo mtu huyo ndiye marehemu: jina lake, ndugu zake, nafasi yake barazani, hata ugomvi wake. Jina la kuzaliwa linabaki kwa mambo ya nyavu na ya chumbani. Wanasema fulani ameamka kwa fulani, na mazungumzo yanaendelea palepale yalipokatikia.

"Na katika kijiji chote, walioamka hivyo ni wangapi?" niliuliza.

Fokas alikuna shingo. "Nani anawahesabu? Karibu kila nyumba ina mmoja. Nyingine wawili."

Maji niliyopewa yalinipalia.

2

Tangu Sheria ya Sura ipitishwe, mashine haina ruhusa ya kuhifadhi uso wa mtu, wala alama ya kidole, wala sauti yake. Watu walikuwa wamechoka kuchunguzwa, na mimi mwenyewe niliipigia kura sheria hiyo. Lakini Mamlaka ya Bonde haiwezi kupanga hospitali bila kujua watu wako wapi. Ndipo wataalamu wakatengeneza Msawazo.

Msawazo ni mashine inayosikia bila kukumbuka sauti. Juu ya kila mlango ulibandikwa kikombe cheupe cha ukubwa wa kifuu. Kikombe hakijali unasema nini. Kinachodaka ni nani ameitwa, nani ameitika, na aliyeita ni nani kwake: baba, shemeji, jirani. Kanuni yenyewe inaandikika kiganjani. Ukiitwa kwa jina na midomo mitatu tofauti, ukaitika, ndani ya siku tisini, basi upo. Siku tisini zikipita bila kuitwa, jina lako linafungwa kimyakimya, na ndugu hawasumbuliwi kwa vyeti. Tuliona huo ni ustaarabu mkubwa.

Kisha Msawazo unawachukua wote uliowasikia na kuwaishisha miaka thelathini kwa alasiri moja. Unaweka bandari hapa, unaangalia nani anazaa, nani anahama, nani anafia njiani. Unaiondoa, unaiweka pale, unaangalia tena. Jibu likishatoka, linafungwa kwa miaka thelathini, wanasiasa wasije wakalichezea.

Ghuba yetu ilikuwa na vijiji viwili, na kimoja tu kingepata gati, ghala la barafu la samaki, na hospitali yenye chumba cha upasuaji. Lyapinda walikuwa watu mia sita arobaini na mmoja. Katenge, upande wa pili wa rasi, mia tano themanini na wanane. Kijiji kinachokosa hakifutwi, la hasha. Kinaitwa kijiji tulivu. Boti ya kila siku inakuwa ya kila wiki, zahanati inafungwa, shule inaishia darasa la nne, na watu wanaachwa wajiamulie wenyewe kuondoka. Hayo maneno mawili, kijiji tulivu, niliyabuni mimi kwenye semina moja, enzi hizo nikiongea napigiwa makofi.

Sheria ilitaka pia msadikishaji, yaani mtu mmoja mwenye damu mwilini, atembee kijijini, aone kwa macho, na aandike kwa mkono wake kwamba hesabu ni ya kweli. Wenzangu wengi walisadikisha wakiwa wamekaa varandani na familia zao. Mimi nilitembea kwa sababu varandani kwangu hapakuwa na mtu.

Siku tano nilipita nyumba kwa nyumba, nikirudi kila alasiri kwenye kituo changu, chumba cha bati juu ya kilima. Siku ya tano nilijumlisha. Katika wale mia sita arobaini na mmoja, mia mbili na kumi na wawili walikuwa marehemu walioamka kwa watu ambao tayari wamehesabiwa kwa majina yao ya kuzaliwa. Mwili mmoja, watu wawili. Msawazo haukukosea kusikia. Walikuwa wakiitwa, wakaitika, na siku tisini hazikuwahi kutimia. Wa mia mbili na kumi na tatu alikuwa bibi aliyeitwa Nampasa, dada yake Simpasa, aliyelala mwezi uliopita na bado hajapata mtu wa kuamka kwake. Watu wenye pumzi Lyapinda walikuwa mia nne ishirini na wanane.

Hakuna aliyedanganya. Waliulizwa nani yupo, wakasema nani yupo.

Kwa uchovu tu, au sijui kwa nini, niliandika jina langu kwenye kisanduku cha kutafutia: Nakijwa Mshana. Msawazo ulichelewa kidogo, kisha ukajibu: Hayupo.

Nilijaribu tena, nikidhani nimekosea herufi. Hayupo. Kumbe ilikuwa kweli tupu. Lyapinda naitwa Afisa, Bi Afisa, Mama wa Mipango. Ofisini ni Bi Mshana, na hiyo ni kwa simu, ambayo vikombe haviisikii. Mara ya mwisho mtu kuniita Nakijwa ilikuwa kwenye mazishi ya mama kule Upareni, na aliyeniita alikuwa anasoma karatasi ya majina ya wafiwa. Sina mtoto. Mume nilikuwa naye miaka sita, tukaachana bila hata kelele. Nilikaa kitandani nikalia, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, kwa sababu mashine niliyoitumikia ilikuwa imesema ukweli juu yangu.

3

Bi Leokadia Nachilima, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa akigeuza dagaa kwenye vichanja nilipomwendea Jumanne. Ana mguu mmoja uliovimba tangu mwaka juzi, anaufunga majani na kitambaa, na ukimuuliza unaendeleaje anasema mguu haujambo, yeye ndiye anaumwa. Nilikuwa nimekwenda kumweleza juu ya wale mia mbili. Akaniwahi.

"Shika ungo, Bi Afisa. Mtu akiongea na mikono mitupu ananichosha."

Nilishika ungo. Tuligeuza dagaa.

"Jumamosi ni arobaini ya Nampasa," akasema. "Mkeka upo, unga upo, mtu wa kukaa hayupo. Binti zake wawili wako mbali. Mmoja anasema hayo ni mambo ya giza, ameokoka. Mwingine anasema tumkumbushe akipata nafasi. Miaka yote hii sijaona jina likikosa mtu."

"Pole, Bi Leokadia."

"Usinipe pole, nisikilize. Nimekutazama miaka minne. Unapika sufuria moja, unakula, unaosha, unafunga mlango. Ukipita unasalimia watu vizuri, kisha unaenda zako." Aliweka ungo chini. "Jina halina mtu. Na wewe, usinikasirikie, huna watu."

Nilitaka kukasirika kweli, nikashindwa. "Mimi si wa ukoo. Mimi Mpare."

"Nampasa mwenyewe aliletwa hapa mwaka wa njaa mgongoni mwa mtu asiyejulikana. Ukoo aliupata mkekani. Ukimuuliza mtu yeyote hapa atakwambia ni dada yake Simpasa, baba mmoja mama mmoja, na hatacheka."

Nilirudi kilimani nikiwa nimesahau kilichonipeleka. Njia nzima nilikuwa napanga maisha. Ningekuwa na kaka, Simpasa, anayeezeka paa kwa mluzi. Ningekuwa na wifi, Bi Gaudensia, wa kugombana naye kwa haki yangu. Wajukuu kumi na mmoja. Ningeitwa asubuhi mlangoni na mtu anayetaka chumvi. Kwa mtu mwenye ndugu hayo ni mambo ya kukera. Mimi yalinifanya nicheke peke yangu njiani, mpaka mbuzi wakanishangaa.

Habari ya wale mia mbili sikuisema. Nilijua nikiisema kabla ya Jumamosi nitakuwa adui, na nilitaka siku tatu za kuwa mtu anayesubiriwa. Sikuwa mtakatifu, na sitaki udhani hivyo.

4

Jumatano nilikwenda Katenge kwa boti. Saa tatu kuzunguka rasi, upepo wa kusini ukitupiga ubavuni, na mwenye boti akiomba Mungu kwa sauti ya kawaida kama anayeongea na jirani. Katenge ni mji wa wahamaji: Waha, Wabembe, Wasukuma waliofuata samaki. Hawana mkeka. Mtu wao akifa anazikwa, jina linabaki kaburini. Niliwahesabu siku nzima, nikapata mia tano tisini na mmoja. Tofauti ilikuwa vichanga watatu ambao hawajafikisha midomo mitatu.

Mkunga wao anaitwa Tausi. Nilimkuta ufukweni, ameinamisha boti ndogo, anaisugua sakafu kwa mchanga na sabuni. Ndani yake kulikuwa na godoro lililofungwa kwa kamba kwenye mbao za pembeni.

"Hii ndiyo wodi yetu," alisema bila kuinua kichwa. "Uchungu ukikwama tunampakia mama hapa, tunamkimbiza mjini. Saa tisa kama ziwa ni zuri. Mwaka huu nimepakia saba."

"Wakarudi wangapi?"

"Watano." Aliendelea kusugua. "Mmoja tulimshusha Lyapinda, njiani. Watu wema, walimpikia uji, walimshika mikono. Lakini na wao hawana kitu. Alifia kwenye mkeka wao."

Nilimweleza kwamba hospitali ikijengwa Lyapinda, itakuwa saa tatu tu kutoka kwake.

"Na ikijengwa hapa itakuwa saa tatu kutoka kwao. Hesabu mnafanya ninyi, mama, si mimi. Mimi nataka tu mseme ukweli wenye kuzaa ni wengi wapi." Akamwaga maji ya sabuni ziwani. "Hilo godoro nilibadilisha mwezi uliopita, usiogope kulikalia."

Sikulikalia.

5

Mkuu wangu wa makao makuu, Bwana Lugano, nilimpigia Alhamisi asubuhi. Ni mtu mpole anayependa mambo yaishe.

"Niruhusu niandike sababu zote, maelezo marefu," nilimwomba. "Msawazo uelezwe kwamba hawa watu wanahesabu walio hai na waliolala pamoja. Labda ipatikane njia ya kati."

"Mashine hailishwi hadithi, Bi Mshana. Inalishwa namba. Tukifungua hesabu upya, mpango wa bonde zima utachelewa." Nilimsikia akikoroga chai. "Wewe unaweza kusadikisha mia sita arobaini na mmoja ukapumzika. Nani atakuja huko kuhesabu?"

"Na Katenge?"

"Katenge watasafiri saa tatu badala ya tisa. Si maendeleo hayo?"

Nilimwambia kwamba Katenge wamezidi kwa watu mia moja na sitini wenye pumzi.

"Kwenye mashine hawajazidi," alisema Bwana Lugano. "Asiyekuwepo na lake halipo. Na hao wako wa Lyapinda wapo, mashine imewasikia. Kesho ndiyo mwisho wa kusadikisha."

Nikaona aibu kwa jinsi maneno yake yalivyonifaa. Ningeweka sahihi, Lyapinda wangepata hospitali, Jumamosi ningekaa mkekani nikapakwa unga, na hakuna ambaye angejua kitu maisha yangu yote. Mchana kutwa niliigeuzageuza habari hiyo na kila nilipoigeuza ilinyooka vizuri, isipokuwa lile godoro.

Alasiri niliteremka kwa Bi Leokadia. Fokas alikuwepo, anashona wavu kivulini, na Bi Gaudensia akimsimamia. Nikawaambia yote: vikombe vinasikiaje, hesabu imejaaje, Katenge ni wangapi, hata kwamba mimi mwenyewe kwenye mashine simo. Nikawaambia kwamba kesho nitaandika mia nne ishirini na wanane.

Fokas aliweka sindano chini. "Kwa hiyo Simpasa hayupo."

"Yupo kwenu, Fokas. Ila..."

"Ngoja. Juzi kina Sichone walitaka kupigana mapanga kwa ajili ya mpaka wa shamba. Nani aliwaachanisha? Fokas? Fokas angekatwa yeye kwanza. Nilisimama pale nikiwa Simpasa, wakanyamaza. Mashine yenu imesikia mtu anafanya kazi. Haikukosea."

Alikuwa na haki. Nikasema lile nililokuwa nalo. "Simpasa haumwi, Fokas. Hajifungui. Kitanda cha hospitali kinataka mwili, na nyinyi mna mwili mmoja kwa watu wawili."

"Na sisi tunaumwa pia," alisema Bi Gaudensia. "Huoni mguu wa Leokadia?"

"Nauona, mama."

Bi Leokadia hakuinua sauti. "Boti itakuwa ya kila wiki?"

"Ndiyo."

"Shule?"

"Darasa la nne."

Aliokota dagaa mmoja aliyeanguka, akamrudisha kichanjani. Nilitamani anitukane. Hatimaye akauliza: "Na hao mia mbili utawafanyaje?"

"Kila mmoja lazima aandikwe kwa mkono. Naandika jina, kisha neno amekufa. Baada ya hapo vikombe havitalisikia tena jina hilo, hata likiitwa."

Bi Gaudensia alifunika mdomo kwa ukingo wa khanga. Katika kijiji chao neno hilo halijawahi kuandikwa juu ya mtu.

"Wale mia mbili na kumi na wawili ni sheria yenu," alisema Bi Leokadia polepole. "Nampasa je? Yeye bado hajaamka kwa mtu. Keshokutwa angekuwa wewe, na wewe kwenye hiyo mashine humo, umesema mwenyewe. Mwili mmoja, jina moja. Mwache. Mia nne ishirini na tisa hawawezi kuwashinda Katenge."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeshaipiga hesabu hiyo mwenyewe njiani nikiteremka.

6

Ijumaa nilianza kuandika asubuhi, mlango wazi, upepo ukipeperusha pazia. Kalamu ya kishikwambi ni nyembamba na mkono wangu una baridi yabisi. Simpasa: amekufa. Namwene: amekufa. Sikazwe: amekufa. Kila jina lilipofungwa, mstari wake ulififia ukawa wa kijivu, na chini yake ukabaki wa kuzaliwa, Fokas, Edita, Deogratias. Nilikuwa nimetembelea nyumba zao zote, kwa hiyo kila jina lilikuja na sura. Kufika saa sita nilikuwa nimemaliza mia moja. Nilikunywa chai bila sukari kwa kusahau, nikaendelea.

Saa tisa likabaki moja.

Nampasa, miaka themanini na tisa, dada, mama, bibi, wifi. Hakuna kituo cha afya ambacho kingehama kwa ajili yake. Hakuna mama wa Katenge ambaye angekufa kwa sababu yake. Tausi mwenyewe, angeulizwa, angesema acha. Nilikaa na kalamu hewani. Nilitaka jina lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na hakuna mtu aliyenikataza.

Lakini nilikuwa nimemfuta Simpasa mbele ya macho ya Fokas. Nilikuwa nimewafuta waume wa wajane na mama za watu, mia mbili na kumi na wawili, nikiwaambia kwamba ukweli ndiyo hivyo, hauna upendeleo. Ningeacha jina moja, lile ambalo ni langu. Kila atakayeniita Nampasa angekuwa ananiita kwa jina nililolibakiza kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Niliandika amekufa. Mstari ukafifia.

Alasiri ileile Msawazo uliwaishisha watu miaka yake thelathini. Katenge ikapata gati na hospitali. Lyapinda ikawekwa rangi ya kijani nyepesi, rangi niliyoichagua mimi, ya vijiji tulivu.

7

Jumamosi asubuhi nilimwambia Bi Leokadia habari ya Nampasa kabla watu hawajakusanyika. Hakunitazama usoni, aliutazama mkono wangu.

"Huyo hakuna aliyekulazimisha," alisema.

"Hakuna."

"Njoo ule, hata hivyo. Shughuli ya arobaini haimfukuzi mtu."

Mkeka ulitandikwa uwanjani kwa kina Simpasa. Kwa kuwa mimi sikuwa tena wa kukaa, na jina halingeweza kulala tena hata siku moja, walimketisha Oresta, binti yake Fokas, mwenye miaka tisa. Alikuwa amevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo yake safi. Bi Leokadia alimpaka unga wa muhogo kwenye paji la uso, akamnong'oneza, mtoto akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Kisha akasimama, na watu wote wakakaa chini, maana aliyesimama alikuwa na miaka themanini na tisa.

Aliyeamka analazimika kumpitia kila mtu aliyepo na kumuuliza swali moja. Alianza na baba yake.

"Wewe ni nani wangu?"

"Mimi ni kaka yako, Simpasa," alisema Fokas, na machozi yalikuwa yakimtoka bila kuficha.

"Kaa karibu nami, kaka."

Akaenda kwa Bi Gaudensia. "Wewe ni nani wangu?"

"Mimi ni wifi yako. Na bakuli langu la udongo hujalirudisha mpaka leo."

Watu wakacheka. Mtoto alifikiri kidogo. "Nitalirudisha, wifi," alisema, na Bi Gaudensia akaridhika, akajifuta macho.

Alizunguka hivyo uwanja mzima. Mjukuu wako. Mkweo. Jirani yako wa upande wa mto. Shoga yako tangu usichana. Kwa kila mmoja alikuwa na jibu alilofundishwa, na kila aliyejibiwa aliinua mabega kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Juu ya mlango kikombe cheupe kilikuwepo, hakisikii.

Akanifikia. Unga ulikuwa umemdondokea puani.

"Na wewe ni nani wangu?"

Ningeweza kusema mgeni, ningeweza kusema afisa, na ungekuwa uongo mdogo ambao hakuna angeukataa.

"Mimi ndiye niliyeandika kwamba umekufa," nilisema.

Hilo hakufundishwa. Alimgeukia Bi Leokadia, ambaye alikuwa anatazama mkeka. Alimtazama baba yake. Kisha alinitazama mimi kwa muda, kwa macho ya mtoto anayetafuta jibu kweli, na mimi nilisubiri. Alipoona halipo, akapita kwa mtu aliyefuata.